Sauti Yangu Ilitoka Jikoni kwa Mwanamke Mwingine

"Povu! Punguza moto, inamwagikaaa!"

Sauti ile ilikuwa yangu.

Yangu mimi, na mkwaruzo wake, na hiyo "inamwagikaaa" ninayoivuta kama ninamwita mtu aliye ng'ambo ya barabara.

Shida ni kwamba mimi nilikuwa nimepiga magoti sebuleni kwa mteja, nampimia pindo la gauni lake la harusi... na mdomo wangu ulikuwa umejaa pini!

Sikuwa nimesema neno, jamani. Na sauti ilitoka jikoni kwake.

Nilizitema pini kiganjani. "Nani... nani huyo?"

Mteja aliweka kidole mdomoni. "Shhh!"

Akainamisha kichwa. Akafumba macho. Akakaa hivyo mpaka gitaa liliporudi na wimbo ukaendelea.

"Samahani, dada fundi," akaninong'oneza. "Wimbo ukifika hapo huwa tunanyamaza. Ni sauti ya marehemu."

"Marehemu nani?"

"Mke wa bwana wangu."

Subirini kwanza. Nisiwapeleke mbio, maana hata mimi bado sijafika.

Asubuhi ya leo kuna kaka ameuliza humu kwenye kundi letu: "Nyie mnaopika bia nyumbani, mnasikiliza muziki gani?" Mkamjibu kwa utani mwingi, kila mtu na nyimbo zake. Mimi nililisoma lile swali nikiwa kwenye cherehani, nikashindwa hata kutunga uzi kwenye sindano kwa sababu ya machozi.

Haya. Ngoja nikujibu, kaka.

Mume wangu ni fundi wa friji. Siku zake za mapumziko alikuwa anapika bia. Si ya kuuza, ni ya kunywa yeye, mimi na marafiki wachache wasiojua kuaga. Mimi ndiye niliyembatiza jina la Povu. Kwanza kwa sababu ya bia, pili kwa sababu akikasirika alikuwa anatoka povu kweli!

Povu hakutaka saa jikoni kwake. Alikuwa anasema, "Saa inakusimamia kama bosi. Wimbo unakaa na wewe." Kwa hiyo kila hatua ya kazi tuliipima kwa nyimbo. Kimea kikilowekwa, wimbo. Kikichujwa, wimbo. Kikichemka, wimbo. Ukikosea kuchagua muziki, umekosea bia.

Na tulikosea sana!

Tulianza na sebene. Mwanaume akawa anakoroga huku anacheza, nusu ya maji ya kimea ikaishia kwenye suruali yake.

Tukajaribu taarabu. Kosa langu hilo. Mimi taarabu nasikiliza maneno, na siku ile kulikuwa na mafumbo ya kumkomoa mke mwenza, nikasahau kabisa kwamba kuna kitu jikoni. Sufuria liliungua chini mpaka leo lina doa.

Tukaweka kwaya. Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea. Loo! "Kwaya kwenye pombe? Nyie watoto mmelaaniwa na nani?" Akaizima kwa mkono wake mwenyewe.

Ndipo siku moja redio ikawa inapiga kipindi cha rumba za zamani. Zile rumba ndefu, gitaa linazunguka taratibu kama halina pa kwenda. Povu akasema, "Hii hii! Usiguse kitu." Akaweka simu yake juu ya kabati, akarekodi kipindi chote huku tunapika.

Kwa hiyo na mimi nimo mle ndani.

Wimbo wa pili ukiwa katikati, ninapiga kelele kwamba inamwagika. Mbele kidogo ninasema, "Tia maua, mume wangu, tia!" Ni yale maua ya hopsi, machungu, yanayoipa bia ladha. Halafu ninacheka. Nacheka sana, kwa sababu alikuwa amenibusu shingoni na mikono imelowa.

Bia ile ilitoka tamu, sijui niwaambieje. Rafiki zetu waligombea mpaka tone la mwisho.

Basi Povu akaamua kwamba hatabadilisha kitu tena. Kila akipika, ni rekodi ile ile. Nikipiga kelele mle ndani, anapunguza moto. Nikisema tia maua, anatia. Nikimwambia twende kwa saa kama watu wengine, anasema, "Wewe ndiye saa yangu."

Mwanamke gani asingelegea?

Halafu akaacha kupika.

"Simu imeharibika," akaniambia. "Nyimbo zote zimepotea."

"Tutarekodi nyingine."

"Haitakuwa sawa."

Sufuria likaondoka. Akasema limetoboka, kalipeleka kuzibwa. Kila nikiuliza bado linazibwa, wiki ya kwanza, mwezi wa kwanza... mpaka nikaacha kuuliza.

Na yeye akawa mtu wa kurudi nyumbani na kukaa tu. Povu lile likaisha. Hagombi, hachezi, ukimsemesha anajibu kwa kichwa. Mimi nikadhani ni huzuni ya nyimbo zake. Nilihangaika, jamani! Nikawa natafuta rumba kwa watu, naziomba kwa majirani, namwekea akirudi kazini.

"Sikiliza hii, mume wangu. Hii si inafaa kwa kuchemshia?"

"Zima. Nimechoka."

Nilikuwa nataka kitu kimoja tu. Nilitaka mume wangu arudi jikoni. Nilijua akirudi jikoni, atarudi na kwangu.

Sasa turudi sebuleni.

Mteja wangu huyu ni nesi. Mama mpole, mcheshi, mwili wake unalipendezesha gauni. Aliletwa dukani kwangu na mteja mwingine. Vipimo vyote nilichukua dukani, ila pindo halipimwi bila viatu vya siku yenyewe, na viatu vilikuwa kwake. Ndiyo maana nikamfuata.

Nilipoingia nilisikia harufu ya kimea. Nikafurahi, nikamwambia, "Hata kwangu tulikuwa tunapika!" Akacheka, akasema, "Mwenzangu ndiye anapika, ni bia ya sherehe. Nimemfungia mlango wa jikoni asije akaliona gauni."

Na sasa nilikuwa miguuni pake, namsikiliza akinisimulia kifo changu.

"Alifariki ghafla," akasema. "Hapendi kuongelea. Rekodi hiyo tu ndiyo aliyobaki nayo. Mimi sina wivu, dada. Namwambia aiweke, alie, aimalize."

"Analia?"

"Kila ikifika pale. Alimpenda sana yule mama."

Nilishika pini vibaya, ikaingia kidoleni. Sikuisikia.

"Alikuwa anamwita Povu," mteja akaendelea. "Nashangaa kwa nini. Mimi namwita Mpole."

Jamani... mimi nikiwa hai sijawahi kunyamaziwa hata siku moja nyumbani kwangu. Naongea, runinga inaongea zaidi yangu. Nimekufa, watu wanainamisha vichwa!

Nikasimama. "Naomba maji, dada."

"Ngoja nikuletee..."

Sikumngoja. Nikausukuma mlango wa jikoni.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni sufuria letu. Lile lile, na mshikio wake uliopinda. Halikuwa na kiraka popote. Pembeni yake, juu ya kabati, simu ile iliyoharibika ilikuwa inaimba.

Na yeye alikuwa amenipa mgongo. Shati nililomshonea mimi. Mwiko mkononi, bakuli la maua ya hopsi karibu.

Nilikuwa naujua wimbo ule kuliko ninavyolijua jina langu. Nilijua gitaa limebakiza nini kabla sijasema neno mle ndani.

Nikalitangulia.

"Tia maua, mume wangu. Tia."

Hakugeuka!

Akachukua bakuli, akamimina maua sufuriani polepole. Na akajibu, kwa sauti ya chini niliyokuwa nimeisahau kabisa:

"Sawa, mke wangu."

Hapo ndipo nilipoumia, si kwa gauni wala kwa kuitwa marehemu. Muda wote ule nyumbani sikuwa nimeitwa mke wangu. Nilikuwa nimeitwa "wewe", nimeitwa "sikia". Kumbe neno lilikuwepo, alikuwa analitunzia simu.

Halafu rekodi ikasema: "Tia maua, mume wangu, tia!"

Mwiko ukasimama.

Akageuka taratibu. Mle ndani mimi nikawa nacheka, kile kicheko cha kubusiwa shingoni, kinaendelea, hakiishi... na mimi hapa mlangoni ninamtazama na kidole kinatoka damu.

Mteja alifika nyuma yangu na glasi ya maji.

"Mnajuana?"

Povu akauweka mwiko chini.

"Mpole, nakuuliza. Mnajuana na fundi?"

Nikasema mimi. "Dada, mimi ndiye marehemu."

Glasi haikuanguka. Kwenye hadithi huwa inaanguka. Yeye aliiweka mezani vizuri tu, akavuta kiti, akakaa na gauni lake lenye pindo la upande mmoja.

"Ni kweli?" akamuuliza.

Mwanaume akamwangalia yeye, akaniangalia mimi. Macho yakamjaa maji. Nikajua anakuja na neno la maana, na likaja.

"Sikukudanganya," akamwambia. "Yule anayecheka mle ndani ameshakufa. Yeye mwenyewe anajua."

Hasira zikanipanda. "Amekufa lini? Nani alimzika? Mimi nahangaika kukutafutia nyimbo kwa majirani, wewe umeniweka mochwari? Na Povu wangu naye amekufa, mbona mimi sijatafuta mwingine?"

Sufuria likaanza kupanda.

Na mimi, mjinga mimi, nikasema kwa mazoea: "Punguza moto, inamwagika."

Akapunguza.

Najua mtakachoandika huko chini. "Ningemmwagia lile sufuria zima. Ningechana gauni." Andikeni tu, vidole ni vyenu.

Mimi nilimwomba kitu kimoja.

"Povu. Sikuombi urudi. Naona hurudi. Nakuomba unifute mle ndani. Futa hiyo rekodi hapa hapa mbele yangu. Kama nimekufa, nizike basi, usinifanyishe kazi kwenye jiko la watu."

Akaichukua simu. Akaiangalia. Akaweka kidole juu ya kioo.

Akairudisha kabatini.

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Bia itaharibika."

Mmesoma vizuri. Mke aliweza kumwacha. Saa ya jikoni hakuweza kuiacha.

Nikamgeukia mteja. Nilidhani sasa angalau tutakuwa wawili, wanawake tuliodanganywa na mtu mmoja. Alikuwa analia bila sauti, amekunja kitambaa cha gauni mapajani.

"Dada," akasema bila kuniangalia. "Watu wangu wote wameshaalikwa. Mama yangu anasafiri leo kuja. Mimi nimengoja sana kuolewa."

"Kwa hiyo?"

"Pindo limebaki upande mmoja. Nimalizie."

Na nikamalizia.

Msiniulize kwa nini. Mikono ilijua kazi, ikaenda yenyewe. Nilipiga magoti kwenye sakafu ya sebule ile, nikajaza tena pini mdomoni, nikampimia mwenzangu gauni la kuolewa na mume wangu. Lilikaa sawa. Halikuburuta hata kidogo. Na muda wote huo huko jikoni rumba ilikuwa inaendelea, na mimi nilikuwamo mle, bado nachekacheka.

Walioana. Yule aliyeniletea mteja alialikwa, akapita dukani siku ya pili kunisimulia, hajui kitu.

"Bia yao bwana! Sijawahi kunywa bia tamu kama ile. Sijui wameweka nini!"

Nikamwambia sijui.

Kwa hiyo, kaka uliyeuliza, jibu langu ni hili. Weka muziki wowote. Sebene, kwaya, weka hata matangazo ya vifo redioni. Lakini siku mkirekodi, wewe uliyemleta mwenzako jikoni, mtoe nje kwanza, na wewe uliyeletwa, toka. Usipige kelele za upendo mbele ya kitu kinachohifadhi. Mtu akishakuwa na sauti yako, anaweza kuishi bila wewe.

Mimi nilikuwa mtu wa makelele, mtaa mzima unajua. Jana jirani yangu aliacha uji jikoni, ukapanda, ukaanza kumwagika, nikiwa nimekaa hapo hapo barazani kwake.

Nilifungua mdomo. Sauti haikutoka.

Nikakaa, nikauangalia ukimwagika mpaka ukazima moto.