Kwa Nini Tusinywe Maji Gwarideni?

Kila Jumamosi saa nne asubuhi, wanafunzi wa shule ya kijeshi iliyo nje kidogo ya mji wa Tamale walijipanga uwanjani. Dzifa Agbeko, msichana wa miaka kumi na mitatu, alilipenda sana gwaride. Kitu kimoja tu kilimkera: hakuna aliyeruhusiwa kunywa maji hadi gwaride liishe, hata jua liwe kali vipi.

Jumamosi moja rafiki yake Esinam alianguka puu, kama gunia. Esinam alipozinduka, Dzifa alimwendea mkufunzi wao, Sajini Alhassan.

"Afande, kwa nini tusinywe maji kidogo katikati?"

"Kwa sababu ni amri."

"Na amri hiyo ilitokana na nini, afande?"

Wenzake wakaangua kicheko. "Leo utafagia mpaka ukome!" mmoja akamnong'oneza. Na kweli, alipewa ufagio, akafagia uwanja mzima.

Hakununa. Kwa wiki sita aliandika daftarini muda wa gwaride na majina ya walioanguka. Walifika kumi na mmoja, wote baada ya saa nzima juani. Kisha akampelekea sajini daftari lile, maana utaratibu ulitaka aanzie kwake.

Sajini aliligeuzageuza, akajikuna kidevu. "Wewe binti una kichwa kigumu! Lakini hata mimi sijui amri hii ilitoka wapi. Haya, twende kwa Meja."

Meja Dedei Quartey, mama aliyeiongoza shule hiyo, aliagiza jalada la zamani. Akalisoma, akacheka mpaka machozi.

"Miaka thelathini iliyopita maji ya uwanjani yalikuwa ya pipa chafu. Wanafunzi wakaumwa matumbo, ndipo wakakatazwa kunywa. Pipa liliondolewa zamani, amri ikabaki!"

Jumamosi iliyofuata, filimbi ililia katikati ya gwaride. "Maji! Kila mtu anywe!" Sajini alinguruma, naye akawa wa kwanza kuinua chupa. Siku hiyo hakuanguka mtu.

Gwaride lilipokwisha, Meja alisimama mbele yao.

"Jeshi haliendi bila utii," alisema. "Lakini amri ambayo hakuna anayejua sababu yake inaweza kuumiza watu. Dzifa hakugoma, wala hakunung'unika pembeni. Alichunguza, akaandika, akasema kwa adabu. Nanyi mkiona jambo haliendi sawa, fanyeni hivyo hivyo."

"Ndiyo, afande!" uwanja mzima ukaitika.