Mistari ya Mkaa Mlangoni

Baba Mapacha, mume wangu, alikuwa na desturi moja. Mvua ya kwanza ikinyesha, anachora mstari wa mkaa kwenye mlango wa ghala. Kesho yake tunapanda mahindi. Miaka kumi na mmoja, mistari kumi na mmoja.

Kisha mahindi yakakauka misimu miwili mfululizo. Mume wangu akaenda mbali kuponda kokoto.

"Mkivuna tu, narudi," alisema.

Jamani, nilimkumbuka yule mtu! Hata kukoroma kwake nilikutamani.

Mvua ya kwanza ilipokuja, nilichora mstari mwenyewe. Kesho yake nikapanda. Nikifanya kama yeye, niliona kama yupo. Kumbe! Jua likawaka wiki tatu. Miche yote ikafa.

Bibi shamba, mtaalamu wetu wa kilimo, alinikuta shambani nalia.

"Nilipanda kama mume wangu," nikamwambia.

"Mume wako hana kosa, dada. Mvua ndiyo imebadilika. Inanyesha siku moja, kisha inatuacha kwenye mataa."

Akachukua jembe, akachimba.

"Usipande kwa mvua ya kwanza. Pima udongo. Unyevu ukifika shibiri moja chini, panda. Ukiwa juu juu tu, subiri. Tia samadi kwenye mashimo. Funika udongo kwa majani makavu, yatunze maji. Na chukua mbegu hii, inakomaa mapema."

"Kwa hiyo nifute mistari yake?"

"Nani kakwambia ufute? Wewe chimba tu."

Mvua ikarudi. Mkono uliniwasha kupanda! Nikachimba: chini pakavu. Majirani walipanda, wakanicheka.

"Mama Mapacha, unasubiri inyeshe soda?"

Siku ya tisa, baada ya mvua nyingine mbili, unyevu ulifika shibiri nzima. Nikapanda na wanangu. Jua likaja tena, kali kweli. Lakini chini ya majani udongo ulibaki na unyevu, na mahindi yakasimama. Tukavuna magunia manane.

Nikampigia mume wangu simu.

"Rudi."

"Mmevuna?"

"Rudi bwana, ghala limejaa!"

Alirudi amekonda, mikono imejaa sugu. Nililia, sioni haya kusema. Msimu mpya mvua ya kwanza ikanyesha. Akachora mstari wake chini ya wangu.

"Kesho tunapanda?"

Nikampa jembe. "Chimba kwanza, Baba Mapacha."

Akachimba. Pakavu. Akaliegemeza jembe ukutani, akakaa karibu yangu kizingitini. Tukasubiri. Safari hii tulisubiri wawili.