Panya wa Maji Matupu

Panya aliyepewa maji matupu ndiye aliyenawiri, na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda kombo.

Ilikuwa mwaka wa 1986, katika kituo kidogo cha utafiti nje ya mji wa Malindi. Daktari Musembi, Mkamba mpole aliyependa kazi kuliko chakula, alikuwa akijaribu dawa ya vidonda vya utumbo, ule ugonjwa wa kuharisha damu usiosikia tiba. Panya weupe walitiwa kemikali ya kuwachubua utumbo, kisha nusu wakapewa dawa, nusu maji. Wa dawa walikonda. Wa maji walikufa, ila mmoja mwenye alama ya wino sikioni. Huyo alinenepa, manyoya yakang'aa, na panya wa vizimba vya jirani wakajibana pembeni wasithubutu kula mbele yake. Na chumba kile, kilichozoea kunuka mkojo, kikaanza kunukia udi.

"Nani anafukiza humu?" Musembi aliuliza.

"Labda ni upepo, Daktari," alijibu Kahonzi, mama aliyewalisha panya, akiinamia ndoo yake.

Alijua. Binti yake, Mapenzi, alikuwa ameharisha damu kwa miezi, na kila maumivu yalipopanda mtoto yule mdogo alisema kwa sauti nzito ya kiume, akidai halua na marashi. Hospitali ilishindwa. Hawe Nyevu, bibi mganga wa kijiji cha Ganda, akasema jini atakubali kutoka akipewa mnyama mweupe asiyewahi kuona jua, kisha mnyama huyo aachiliwe porini. Basi ni kuku wa nani asiyeona jua? Usiku Kahonzi akaiba panya, yule mwenye alama sikioni. Jini akatoka, akamwingia panya, mtoto akapona. Lakini panya wa kituoni walihesabiwa kila asubuhi, na kibarua kile ndicho kilichomlisha Mapenzi, kwa hiyo akamrudisha kizimbani. Alijiambia kwamba siku ya kisu, panya wanapopasuliwa kuchunguzwa, huyu naye atakufa, na jini afe naye. Mfa maji haachi kutapatapa.

Harufu ya udi ilimrudisha Ganda mbio.

"Shikamoo, hawe."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona mbio hivyo?"

Akaeleza kwa kunong'ona. Bibi akashika kichwa.

"Jini hafi kwa kisu! Panya akijifia, atarudi kwa mtoto, njia anaijua. Akipasuliwa, mwenye kisu ndiye atakuwa kiti chake, mwili wa kukalia. Nenda kamtoe sasa hivi, ukamwachilie porini."

Alipofika kituoni, panya alikuwa amelazwa juu ya meza, ametiwa usingizi ambao panya wengi hawakuamka, na Musembi amevaa glavu, anatabasamu, maana alitaka kuona kwa macho yake ni nini kilichomponya mnyama aliyepewa maji.

"Daktari..." alisema Kahonzi.

"Naam, mama Mapenzi?"

Na huku udi ukitanda chumbani na vizimbani panya wote wamesimama kwa miguu ya nyuma wakitazama meza, Kahonzi alimwona mtu huyu aliyemchangia nauli ya hospitali bila kuombwa, akamwona na mwanawe amejikunja juu ya mkeka uliolowa damu, akajua kwamba neno moja lingemwokoa mmoja na huenda likamrudisha jini kwa mwingine, na moyo wake, aliouona mchafu hata yeye mwenyewe, ukachagua.

"Nilitaka kukushikia bakuli," alisema.

Kisu kikashuka. Utumbo ulikuwa safi, bila hata kidonda kimoja. Harufu ya udi ikakatika pale pale.

Kesho yake alimkuta Musembi ameketi gizani kati ya vizimba, madirisha yamefungwa, ameshika tumbo. Suruali yake ilikuwa na damu.

"Daktari, nikuitie gari?"

Musembi, ambaye hata chai alikunywa bila sukari, akainua uso polepole.

"Halua," alisema, kwa sauti ile ile nzito. "Na marashi. Kiti hiki ni kizuri, Kahonzi. Ahsante."

Kahonzi alilia bila sauti. Kisha akachukua ndoo, akaanza kuwalisha panya, kwa sababu nyumbani Mapenzi alikuwa ameamka akiomba uji.