Sufuria za Shangazi Lesieli

Kila Kalolaine aliporudi kutoka shuleni, alimkuta Shangazi Lesieli kibarazani, mkono mmoja kiunoni na mwingine juu ya sufuria iliyofungwa kwa taulo ili isipoe. Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba yake. Kwa Watonga wa mtaa wa Mangere, wahamiaji kutoka visiwa vya mbali, kama kwa Watonga wa popote, dada wa baba ndiye mwenye neno la mwisho. Baba mwenyewe, mtu wa miraba minne aliyepakia mizigo uwanja wa ndege, alinywea mbele yake kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Ile ya jana iko wapi?" Shangazi aliuliza.

"Hii hapa, shangazi. Nimeshaiosha."

"Mama yako amekula?"

"Amekula yote."

"Nilijua tu! Nani aushinde mkono wangu? Leo nimemletea lu, majani ya magimbi na nyama ya kopo, tui zito la kuning'inia kwenye kijiko. Mwambie asiniachie hata tone."

Kalolaine aliitikia, akangoja gari liondoke, kisha akapita na sufuria moja kwa moja hadi uani. Nyuma ya ua wa mbao alimsubiri Tahi, mbwa wa jirani, mate yakimdondoka. Mwanzoni Kalolaine alikula mwenyewe chakula hicho, lakini sufuria ya Shangazi ilitosha kulisha kwaya nzima. Kuirudisha na chakula ndani yake kungekuwa kumtukana Shangazi mchana kweupe. Basi lu ikamwendea Tahi, na sufuria ikaoshwa ikang'aa.

Mama yake, Vika, alikuwa amelala chumbani na mapazia yamefungwa. Kabla ya Krismasi alifanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa tumbo, ili ashibe upesi na uzito ushuke, maana kisukari kilikuwa kimeanza kumharibu macho. Upasuaji ulikwenda vizuri. Uzito ulishuka, sukari ikashuka, magauni yakampwaya. Kanisani walimpigia makofi.

Halafu makofi yakaisha. Zamani Vika ndiye aliyekuwa roho ya kila karamu, akipakua, akitania, akila na kucheka. Akichoka alikula, akiudhiwa alikula. Sasa vijiko vitatu vilimtosha, na macho ya watu wote yalikuwa kwenye sahani yake. Alianza kukosa karamu, kisha akakosa mazoezi ya kwaya, kisha akaacha hata kuinuka kitandani. Daktari alimpima, akasema ana sonona, ule ugonjwa wa huzuni isiyoondoka, akampa vidonge vya kuutibu.

Shangazi aliposikia habari ya vidonge alikuja juu. "Vidonge vya huzuni? Umepungua, sukari imeshuka, unalilia nini tena? Wifi yangu, wewe una njaa tu! Nitakulisha mwenyewe." Sufuria zikaanza siku hiyo hiyo.

"Usimwambie shangazi yako kwamba sili," Mama alimsihi Kalolaine kwa sauti ndogo. "Anapika kwa upendo. Ataumia."

Kalolaine alimpenda mama yake kuliko kitu chochote, kwa hiyo alidanganya, na kila alipodanganya alijiambia kwamba anamsaidia. Lakini Mama hakupata nafuu. Jumapili ya Watoto ilikuwa inakaribia, siku ambayo kila mtoto husimama kanisani kusoma sehemu yake akiwa na nguo mpya nyeupe. Kitambaa cha Kalolaine kilikuwa bado kimekunjwa juu ya cherehani. Jioni moja alijaribu kuanza kushona mwenyewe, na alipofungua kopo la nyuzi akakuta vidonge vya Mama vimefichwa chini kabisa. Vilikuwa vimebaki karibu vyote.

Alilifunga kopo. Alitamani kumwambia mtu. Lakini nani? Kumwambia Shangazi ilikuwa sawa na kumwambia kwamba amekosea, na hakuna mtoto wa Kitonga aliyewahi kumwambia shangazi yake hivyo akabaki salama.

Kesho yake Shangazi alikuwa kibarazani na sufuria yake kama kawaida, mara Bwana Hohepa, jirani, akatokea akimvuta Tahi kwa kamba. Kusema kweli alikuwa karibu kumbeba. Mbwa alikuwa amenenepa hata tumbo linagusa majani.

"Samahanini, majirani," alisema Bwana Hohepa akihema. "Natoka kwa daktari wa mifugo. Nimegombezwa kama mtoto! Ananiambia, huyu anakula nini, mbona anapasuka? Jana nimemwona na jani la magimbi mdomoni. Mimi sipiki magimbi."

Tahi aliinusa sufuria ya Shangazi, akatikisa mkia kama aliyemwona rafiki wa siku nyingi.

Shangazi alimtazama mbwa. Akaitazama sufuria. Kisha akamgeukia Kalolaine polepole sana.

"Kalolaine. Lu yangu inaliwa na nani?"

Angeweza kusema mbwa ameruka ua. Neno lilikuwa tayari ulimini. Lakini alifikiria lile kopo la nyuzi, akahisi kwamba akidanganya tena leo, mama yake hataamka kamwe.

"Inaliwa na Tahi, shangazi. Mama hali. Chakula chako ni kizito, akikijaribu anatapika. Na vidonge ameviacha kwa sababu ulisema hana cha kulilia." Machozi yalimtoka. "Nisamehe, shangazi, lakini kila siku nilikudanganya. Mama anaumwa. Anaumwa sana!"

Bwana Hohepa alikohoa, akamvuta mbwa wake taratibu na kwenda zake. Kalolaine aliinamisha kichwa akisubiri radi. Radi haikupiga. Shangazi aliiweka sufuria chini, akavua viatu, akaingia chumbani kwa Vika na kuketi ukingoni mwa kitanda. Hakuwa ameingia chumba kile tangu sufuria zianze. Alipoona jinsi wifi yake alivyokonda usoni na macho yalivyozama, alianza kulia yeye, tena kwa sauti.

Asubuhi iliyofuata wote walikwenda kliniki. Muuguzi Losa, Mtonga mwenzao, alizungumza kwanza na Vika peke yake kwa muda mrefu. Kisha akawaita wengine.

"Mimi nataka kujua kitu kimoja," alianza Shangazi. "Mtu amepata alichokitaka, huzuni ya nini?"

"Sonona haimuulizi mtu amepata nini, mama. Ni ugonjwa. Huwapata baadhi ya watu baada ya upasuaji huu. Mwili umebadilika ghafla, na chakula kilichokuwa kikimliwaza hakipo tena. Vika alipokuwa na kisukari, ulimwambia aache dawa?"

"Aache? Ningemchapa!"

"Basi na hii ni vivyo hivyo."

Baba alitazama dari ili asicheke.

"Nilivimeza siku chache, sikuona tofauti," alisema Vika.

"Havifanyi kazi kama dawa ya kichwa, dada yangu. Vinachukua wiki kadhaa, na wewe uliviacha kabla havijaanza. Tena baada ya upasuaji, tumbo halichukui dawa zote kama zamani. Daktari atakuangalia, akiona haja atabadilisha dawa au kipimo. Usiache mwenyewe wala usiongeze mwenyewe. Na kila wiki utakuja tuzungumze, maana vidonge peke yake havimalizi kazi." Kisha akamgeukia Kalolaine. "Na wewe umefanya vizuri kusema. Mzigo ule haukuwa wa kwako."

Shangazi Lesieli alisimama. "Haya, sikilizeni. Nimesema, vidonge vinamezwa. Nimesema, hakuna mtu atakayemtazama wifi yangu sahani. Na mimi nitajifunza kupika samaki wa mvuke, japo ni chakula cha wagonjwa."

"Mimi ni mgonjwa, wifi," alisema Vika, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alitabasamu.

Dawa haikuleta miujiza. Mwanzoni Vika alilalamika kwamba mdomo unamkauka, na siku nyingine alirudi kitandani. Daktari alibadilisha kipimo. Sufuria zilikoma, yakaja mabakuli madogo. Asubuhi moja Kalolaine aliamshwa na mlio wa cherehani. Mama alikuwa amefungua mapazia, kitambaa cheupe mapajani, na alikuwa anaimba sauti yake ya kwaya chinichini. Kalolaine alisimama mlangoni akamsikiliza hadi alipochelewa shule.

Jumapili ya Watoto ilipofika, alisoma sehemu yake bila kukosea, na mama yake alikuwa benchi la mbele. Baada ya ibada watoto walikula kwanza, wakubwa wakiwahudumia, na Vika alipakua na kutania kama zamani. Zamu ya wakubwa ilipofika, Shangazi mwenyewe alimpelekea kisahani cha samaki. Vika alikula taratibu, akafika nusu, akasita.

"Nimeshiba, wifi," alisema, akakisogeza kisahani. Chakula kilibaki ndani.

Shangazi Lesieli, ambaye hakuwahi kurudishiwa chakula na mtu yeyote, alikipokea kwa mikono miwili. Akakaa, akachukua uma ule ule wa Vika, akala masalio yale mbele ya kanisa zima. Wanawake wazee walishangaa. Mtu wa cheo chake hali masalio ya mke wa mdogo wake.

"Kalolaine, njoo hapa," aliita alipomaliza. "Nilifurahi kuona sufuria inarudi tupu, sikuuliza kama mama yako anapona. Wewe ulinidanganya ili nisiumie, na kidogo tumpoteze sote wawili. Siku nyingine mtu akiumwa nyumbani, niambie ukweli, hata kama ukweli wenyewe ni kwamba mimi nimekosea. Umesikia?"

"Nimesikia, shangazi."

"Vizuri. Sasa nenda kaniletee lu yangu, kabla yule mbwa hajafika."