Tonge Alilolikataa Yeshimebet

Enyi mlio na mtu aliyetoka hospitali akiwa hai, sogeeni karibu. Hadithi hii inawahusu.

Pale Dessie, mji wa Ethiopia, katika mtaa ulioshikamana na mlima, waliishi Yeshimebet na mumewe Asrat, mwenye bucha. Asubuhi Yeshimebet aliporudi nyumbani kutoka Addis Ababa, jua lilikuwa limetulia juu ya mabati, kahawa inakaangwa, na mama mkwe wake, Emama Zenebech, ametandaza nyasi mbichi sakafuni kama siku ya arusi. Yeshimebet alikuwa ameugua saratani ya damu. Alitundikiwa dawa mpaka nywele zikapukutika zote. Sasa zilikuwa zinaota upya, laini kama manyoya ya kifaranga, na daktari alikuwa amemwambia, "Saratani hatuioni tena kwenye damu yako. Kazi iliyobaki ni yako. Tembea kila siku, kula vilivyoiva, mboga kwa wingi, kaa mbali na pombe na moshi, na usikose kuja kupimwa."

Yeshimebet aliyashika maneno yale. Nyumbani hakuna aliyetaka kuyasikia.

"Utembee?" Asrat akacheka. "Mke wangu azurure kama mbuzi aliyekosa mchungaji? Watu watasema nimemfukuza."

Basi akawekwa kitandani kama yai. Akishika ndoo, ananyang'anywa. Akishika ufagio, Emama Zenebech anashtuka kana kwamba ameshika kisu. Majirani walikuja kutwa kumtazama, wakaketi kuzunguka mkaa na ubani mpaka chumba kikafuka. Na jioni Asrat alileta nyama mbichi, ile laini kuliko zote, akaichovya kwenye pilipili, akaikunja ndani ya injera, ule mkate wao mwembamba kama chapati, na kumlisha kwa mkono wake. Kwa watu wale, kukataa tonge la namna hiyo ni kumtukana aliyelikunja.

"Damu hurudishwa na damu," alisema.

"Daktari alisema nile vilivyoiva."

"Daktari hana bucha. Fungua mdomo."

Akafungua.

Jamani, msidhani Asrat alikuwa mtu mbaya. Mkewe alipokuwa akitibiwa, alilala kwenye sakafu ya hospitali bila kulalamika. Ubaya unaokuja na fimbo kila mtu huukimbia. Huu ulikuja na tonge la mapenzi, na ni nani humfungia mlango mtu anayempenda?

Miguu ya Yeshimebet ikalegea. Kupanda hadi kanisani kukamshinda. Kisha homa ikampiga ghafla, akatetemeka hadi kitanda kikalia, wakamkimbiza hospitali akiwa hajitambui.

Alipozinduka, alimkuta daktari wa zamu, Hirut, amesimama mbele ya mumewe.

"Safari hii si saratani," daktari alisema. "Ni vijidudu vya nyama mbichi. Kinga yake bado changa. Mngechelewa kidogo, mngerudi nyumbani na jeneza."

Asrat akainamisha kichwa. Lakini kusikia si kukubali. Waliporudi nyumbani, Yeshimebet alimsikia nyuma ya pazia akimwambia ndugu yake Wondwosen kwamba ni jicho baya la majirani. Hapo machozi yalimkauka. Alikuwa amepambana na saratani yenyewe. Leo aje auawe na ukarimu?

Kesho yake akavaa raba, akajitanda shuka lake jeupe, akafungua mlango.

"Unakwenda wapi?" Asrat akauliza.

"Mlimani."

"Kufanya nini?"

"Kutembea na kurudi."

Siku ya kwanza aliishia kwenye kona yenye kinu cha kusaga nafaka, akaketi juu ya jiwe akihema. Jirani mmoja akasema kwa sauti, makusudi asikike, "Mtazameni, anatafuta kaburi kwa miguu yake mwenyewe."

"Nikiliona nitakuonyesha na lako, shoga," Yeshimebet akamjibu, akainuka.

Akaenda tena, na tena. Mapaja yakakaza. Usingizi ukarudi. Wageni, pamoja na mkaa na ubani wao, aliwapokea uani, penye hewa, wapende wasipende.

Ikafika Pasaka. Mfungo mrefu ulikuwa umekwisha, na nyumba ilijaa ndugu. Asrat akakata nyama mbichi, akakunja tonge kubwa kuliko yote ya siku ile, akalipeleka mdomoni kwa mkewe mbele za watu wote.

Yeshimebet akafunga mdomo.

"Usiniaibishe," Asrat akanong'ona.

"Mume wangu, mkono wako naupenda. Kilichomo mkononi kilitaka kuniua, na wewe unajua, kwa sababu uliambiwa. Tonge hili silili. Si leo, wala si kesho."

Wondwosen akagonga bilauri mezani. "Kaka, huyu amekutemea usoni. Mlishe! Mgonjwa haulizwi uji."

"Mimi si mgonjwa, shemeji," Yeshimebet akasema. "Mimi nimepona. Niulizeni."

Wondwosen akamwita mke wake mwenyewe, wakaondoka. Tonge likabaki mkononi mwa Asrat, mafuta yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Ndipo Emama Zenebech akainuka kwa kujishika magoti, akamwendea mkwewe.

"Nikupikie nini, mwanangu?"

"Dengu, mama. Na mboga za majani. Na hiyo nyama, ukiipika ikaiva, nitaila."

Wondwosen hajakanyaga nyumba ile hadi leo. Asrat alinuna kwa siku kadhaa, kisha asubuhi moja akamfuata mkewe mlimani kwa madai kwamba anamlinda. Kwenye mwinuko wa kwanza alikuwa ameshika kiuno, anahema kama punda wa kuni.

"Polepole basi," alimwambia.

"Njoo," Yeshimebet akamwambia, na hakupunguza mwendo.

Funzo la kubeba nyumbani

Aliyepona saratani ya damu hajarudi kwenu ili alazwe na kunenepeshwa. Mpisheni njia atembee, mpikieni kiive, mwondoleeni moshi na pombe, mkumbusheni siku ya kupimwa, na mkiweza tembeeni naye. Huruma isiyomsikiliza mtu inaweza kumrudisha pale alipotoka. Na wewe uliyepona, mwili huo umeupigania mwenyewe. Wakikuletea mapenzi yanayoudhuru, funga mdomo wako bila haya, hata kama meza nzima inakutazama.