Mtoro wa South Beach

Ford Ranger ya kijivu ilipita robot, taa za barabarani za huku, ikiwa nyekundu, ikakata kona kutoka barabara ya ufukweni, na Kerubo akaipita robot ile ile nyuma yake bila kugusa breki.

Vichwa vitatu ndani ya gari. Alikitazama cha katikati tu.

Alikijua kichwa hicho. Yeye ndiye aliyewaonyesha.

Kisikizi kilikwaruza ndani ya helmeti. Alikuwa Lennox, mkuu wake, akiongea kutoka Nairobi kwa sauti ya mtu aliyeketi kwenye kiti kizuri.

"Kanga Mbili, rudi nyumbani. Kazi yako ilikwisha jana."

"Nani amemchukua?"

Lennox alisogeza kiti.

"Lennox. Nani?"

"Ripoti yako tuliwapa washirika, kama kawaida. Inaonekana imefika kwa Meja Serge, wa jeshi la Kongo."

Kerubo alizungusha mkono wa kulia. Honda CB500X ikaruka mbele, ikapenya kati ya taxi mbili zilizokuwa zikigombania abiria, na Ranger ikaonekana tena, ikielekea kusini.

Mjini Durban watu walimjua kwa jina la Abby, mwanafunzi Mkenya wa sheria aliyepanga chumba Glenwood. Sheria ilikuwa kweli. Aliisomea hadi shahada ya pili. Abby ndiye aliyekuwa wa uongo. Kazi yake halisi ilikuwa katika Ofisi ya Maziwa, idara ya kijasusi ya nchi za maziwa makuu, ambayo huwasaka wasafirisha magendo ya madini popote walipojificha. Safari hii hakutumwa kumsaka msafirishaji. Alitumwa kumtafuta Sajini Barthélemy Zihindula, mtoro wa jeshi la Kongo. Ni shahidi, waliandika. Anahitaji ulinzi.

Alimpata kwa sababu ya kofia.

Walinzi wa magari wa South Beach wengi ni Wakongo. Huvaa vizibao vinavyong'aa, hukuonyesha pa kuegesha, na ukiondoka hukupigia saluti ya mzaha ili uwaachie sarafu. Mmoja wao hakupiga saluti kichwa kikiwa wazi. Kwanza alisimama wima, akavaa kofia, akainyoosha, ndipo akainua mkono. Katika jeshi alikolelewa, mtu asiye na kofia hapigi saluti, na mwili wake ulikuwa haujaacha sheria hiyo hata mbele ya mtalii mwenye kaptura. Kerubo alimtazama kwa darubini ya Nikon kutoka roshani ya ghorofa ya saba, huku akila chipsi. Alijisifu.

Ili awe na hakika, alikwenda saluni kwa mke wa yule mlinzi. Marcelline alimsuka toka asubuhi hadi mchana, akamlisha sombe, yaani kisamvu, na samaki kwenye sahani ya plastiki, akamwambia kwamba mume wake aliwahi kuwa askari na hata leo huamka usiku akipiga kelele. Jioni ile ile Kerubo aliyatuma yote: mtaa, zamu, rangi ya kizibao.

Ilikuwa ripoti nzuri. Fupi, sahihi. Hata sasa hakuona neno la kusahihisha ndani yake, na hilo ndilo lililomchoma.

Ranger iliacha barabara kuu na kuingia Jacobs, kati ya viwanda vya rangi na maghala yenye mabati yaliyoliwa na kutu.

Kerubo alipunguza mwendo. Akafikiri.

Kama Serge angetaka Barthélemy afe, angempiga risasi palepale ufukweni. Alimchukua mzima. Mtu huchukuliwa mzima akiwa na kitu ambacho maiti haiwezi kutoa. Sajini maskini, anayelala chumba kimoja na mke na watoto, ana nini?

Ana kilima. Kerubo alikisoma kwenye faili lake.

Babu yake alikuwa askari wa Wabelgiji, akapewa kilima cha Lubwe kuwa ahsante ya utumishi. Hati ya ardhi ya askari hurithiwa na mwana wa kwanza, kutoka baba hadi mwana, ikamfikia Barthélemy. Ukoo mzima unaishi juu yake. Chini yake kuna madini ya koltani.

Na ardhi hiyo iko chini ya dikrii, sheria ya mkoloni ambayo baada ya uhuru hakuna aliyekumbuka kuifuta. Kerubo aliisoma chuoni na kuiona kichekesho. Kifungu kimoja kinasema askari akitoroka wakati wa vita, kisha afisa akamkamata kwenye ardhi ya nchi yake, mali yake inakuwa ya serikali. Kingine kinasema mgeni haruhusiwi kununua ardhi ya wenyeji, isipokuwa ile iliyotaifishwa. Viweke vifungu hivyo viwili pamoja, na kampuni ya kigeni inayoitwa Orvane, rafiki wa zamani wa Meja Serge, inajipatia kilima kihalali kabisa. Ukoo unafukuzwa kihalali kabisa.

Kilichokosekana kilikuwa mtoro. Kerubo aliwatafutia.

"Kanga Mbili, nina picha ya setilaiti," Lennox alisema. Sauti yake haikuwa ya kitini tena. "Kuna Cessna ya kukodi kwenye kiwanja kidogo upande wa kusini. Wakishatua naye kwao, basi."

"Naijua dikrii."

"Nisamehe. Sikujua walichotaka."

"Mimi pia," Kerubo alisema. "Na bado nimewapa."

Ranger ilisimama mbele ya ghala. Meja Serge, mrefu, mwenye koti jeusi refu, alishuka akaingia ndani kutafuta namba nyingine za gari. Dereva wake, Zénon, alibaki. Baadaye naye akashuka, akainua remote ya gari nyuma ya mgongo bila kugeuka, akabonyeza, akaenda ukutani kukojoa.

Kerubo alikuwa tayari ameshika kidude chake kidogo, cha aina wanayotumia wezi wa Durban kuvuruga mawimbi ya remote ili gari lisijifunge. Mwenyeji wa mji huu hajui kuondoka kwenye gari bila kuvuta kitasa kuhakikisha. Zénon alikuwa mgeni. Hakuvuta.

Hatua chache. Shoti ya umeme shingoni. Zénon aliukumbatia ukuta, akateleza taratibu hadi chini.

Kerubo alipofungua mlango wa nyuma, Barthélemy alikuwa ameshasogea pembeni na kumnyooshea mikono iliyofungwa.

"Nimesikia haijafunga," alisema. "Minalinda magari miaka yote hii, dada."

Kisu cha Leatherman kilikata kamba ya plastiki. Walikuwa juu ya Honda kabla mlango wa ghala haujafunguka. Risasi moja ilipiga pipa tupu nyuma yao. Ya pili Kerubo hakujua ilipiga nini.

Alikimbiza pikipiki kuelekea Umbilo, akaingia vichochoroni, akasimama nyuma ya gereji moja. Serge alikuwa bado barabarani, akiwatafuta. Kulikuwa na nafasi ya kusema jambo moja, na Kerubo alitaka kulisema kabla ya mengine. Alivua helmeti.

"Weye ni Abby," Barthélemy alisema. "Abby wa saloni."

"Jina langu ni Kerubo. Mimi ndiye niliyeandika mahali ulipo. Waliniambia wewe ni shahidi."

Barthélemy alisugua alama za plastiki kwenye vifundo vya mikono. Hakuonyesha hasira. Kerubo angependa aonyeshe.

"Mumejisumbua mingi kwa mutu moya," alisema.

Kerubo alimweleza kila kitu kwa mpangilio, kama anavyoeleza kesi. Kwamba Serge anataka kilima, naye Barthélemy akajibu kwamba hilo si geni, kwa maana alitoroka jeshini siku alipokataa kulinda mashimo ya koltani ya meja huyo huyo. Kwamba anaweza kukimbia tena, lakini sura yake sasa inajulikana, na watampata. Kwamba dikrii ina kifungu kingine, ambacho Serge anaomba mtu asikikumbuke: mtoro akijisalimisha mwenyewe kwa hiari mbele ya mwakilishi wa serikali yake kabla hajakamatwa, anafungwa, lakini mali inabaki kwa ukoo. Na kwamba leo watu wa ubalozi wa Kongo wamekuja kutoka Pretoria kutengeneza pasipoti, wako kwenye ukumbi wa parokia Glenwood hadi mchana.

"Marcelline iko kwa mustari pale," Barthélemy alisema. "Toka asubui."

"Najua. Aliniambia."

"Nitafungwa miaka ngapi?"

"Sijui. Mingi. Labda kumi."

"Na mama yangu atabakia ku kilima?"

"Atabaki."

Ranger ilinguruma mahali fulani mtaa wa pili. Barthélemy aliangalia upande wa bahari, ingawa pale haionekani.

"Twende basi," alisema, "kabla nipate akili ya kukimbia."

Ukumbi wa parokia ulikuwa umejaa hadi uani. Wakongo wa Durban yote walikuwa pale, na suti zao za kupigia picha, na watoto waliopakwa mafuta hadi masikioni. Mlangoni alisimama Mama Goreth, mwanamke mnene aliyefunga kitambaa cha rangi ya limau. Hakuna aliyemchagua kulinda mstari, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Sheria yake ilikuwa moja: anayetoka lazima amwachie mtu nafasi, na anayeingia lazima mtu aliye ndani amdhamini, amjibie.

"Nani anakujibia, papa?"

"Bibi yangu."

Marcelline alikuwa karibu na meza kabisa. Barthélemy alimwinamia, akamnong'oneza. Kerubo hakusikia maneno. Aliona tu mkono wa Marcelline ukishika meza, kisha ukaiachia. Mwanamke yule alisimama, akakunjua sketi yake, akampisha mumewe kwenye kiti. Alikuwa amekaa katika mstari ule tangu alfajiri ili familia yake ipate pasipoti za kwenda mahali pamoja.

Mlangoni kulizuka zogo.

Meja Serge alikuwa ameifuata Honda hadi pale. Koti lake lilikuwa wazi, na ndani yake kulikuwa na magwanda, maana dikrii ilitaka afisa avae sare anapomkamata mtoro, naye alikuwa amejiandaa kufanya hivyo wakishatua kwao. Alisukuma watu wawili, wa tatu hakusukumika.

"Nipisheni," alisema. "Mimi ni meja."

Angesema chochote kingine, pengine angepita. Angesema yeye ni daktari. Angesema mtoto wake ameanguka ndani. Lakini watu wale walivuka mito na mipaka, wakalala kwenye vituo vya mabasi vya nchi nne, kwa sababu ya watu waliosema neno lile kwa sauti ile.

"Meja wa wapi?" mtu aliuliza.

"Eish, muache afike. Mupe nafasi ya mwisho, nyuma ya wale mapacha," mwingine akadakia.

Kicheko kilipita uani. Mama Goreth hakucheka.

"Papa," alisema, "huku ni Durban. Meja naye anafuata mustari."

Serge akaingiza mkono kiunoni, akaonyesha kitako cha bastola. Hilo nalo walilijua. Kule nyumbani walilikimbia. Hapa nyuma yao palikuwa na ukuta wa kanisa, na mbele yao palikuwa na pasipoti. Hakuna aliyekimbia. Viti vya plastiki vilisogezwa pamoja, mabega yakabanana, na meja akajikuta katikati, mkono wake ukiwa umenaswa palepale kiunoni.

Mdomo wa bastola ya Kerubo, Glock, uligusa mgongo wa meja, chini ya mbavu.

"Umemsikia mama," alimnong'oneza. "Fuata mstari."

Alimnyang'anya bastola polepole. Mbele, Barthélemy alikuwa amesimama wima mbele ya meza.

Afisa wa ubalozi, Madame Immaculée, alimtaka arudie. Akarudia: jina lake, cheo chake, na kwamba amekuja kujitoa. Madame alivua miwani. Alimwuliza swali ambalo sheria ilimtaka amwulize, na Kerubo alijua kila neno lake kabla halijatoka. Je, kuna mtu amekulazimisha?

Barthélemy aligeuza kichwa. Alimtafuta Kerubo kati ya watu, akamwona.

"Hapana, madame," alisema. "Nimekuja miye mwenyewe."

Madame Immaculée aliandika. Kilima cha Lubwe kilikuwa kimeokoka.

Polisi walimchukua Serge kwa kosa la bastola, na Zénon kwa utekaji, mengine yangefuata. Barthélemy alikalishwa chumba cha nyuma, akapewa chai. Kerubo alipokuwa akitoka, Marcelline alimsimamisha njiani. Hakupaza sauti.

"Nilikusuka kichwa na mikono yangu hii," alisema. "Ungeniuliza miye. Ningekwambia anaogopa nini, na ungejua namna ya kuandika."

Kerubo alikuwa na majibu. Ukoo mzima umebaki na ardhi yake. Kampuni imeshindwa. Meja atafungwa. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja aliloweza kulisema mbele ya mwanamke yule. Aliinamisha kichwa kidogo, akapita.

Nje, Lennox alikuwa sikioni tena. Orvane wamekana kumjua Serge. Cessna imezuiwa. Wakubwa wamefurahi. Alitaka sentensi moja tu ya kufungia faili.

"Andika: mtoro alijisalimisha kwa hiari yake."

"Ni kweli?"

Kerubo alifunga kamba ya helmeti chini ya kidevu, akaivuta mpaka ikabana.

"Ndivyo ilivyo kisheria," alisema.

Akazima kisikizi. Aliiwasha Honda na kuteremka mtaa wa Glenwood bila haraka, kati ya wanafunzi waliobeba mikate na vitabu, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kumtazama.