Kochi la Nesi wa Meno

"Kwani nani alikutuma uandike majina ya watu chini ya makochi?" mke aliuliza.

"Miaka kumi na minane naandika," fundi makochi alijibu. "Kochi likija naligeuza, naandika la nani. Leo ndiyo imekuwa kosa?"

"Leo ni kosa. Muulize huyo aliyekaa hapo."

Aliyekaa hapo alikuwa nesi wa kliniki ya meno. Alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya karakana, kati ya vipande vya sponji na marobota ya vitambaa, na sare yake nyeupe. Mkononi alikuwa na barua yenye muhuri wa manispaa.

"Mkimaliza kugombana mniambie," nesi alisema. "Wagonjwa wananisubiri. Na siku zangu ni tatu tu."

Barua ilieleza kila kitu. Wafanyakazi wa usafi walikuta kochi bovu limeziba mtaro mkubwa. Maji machafu yalirudi nyuma, yakaingia kwenye nyumba nne. Walilipindua wamjue mwenyewe wa kulitoa, wakakuta maandishi ya wino mweusi kwenye mbao: NESI WA MENO, KOCHI KUBWA. Mtaa mzima una nesi wa meno mmoja. Sasa alitakiwa ajieleze ofisini ndani ya siku tatu, la sivyo apelekwe mahakamani.

"Barua hii waliniletea mbele ya wagonjwa," nesi alisema. "Mzee mmoja ana pamba mdomoni, hawezi kusema neno. Lakini jicho alilonitupia, shemeji, afadhali angenitukana."

Fundi alijizuia kucheka, akashindwa.

"Cheka tu," nesi alisema. "Mkuu wa kliniki yeye hakucheka. Amesema mfanyakazi wa afya mwenye kesi ya uchafu hamtaki pale. Mimi niliwaachia nyinyi lile kochi mlivunje. Lakini nani ataniamini? Jina lililoandikwa ni langu."

Mke aliinamia cherehani yake. Alitia uzi kwenye sindano, ukatoka. Akautia tena.

Alijua jambo ambalo mumewe hakulijua. Kochi lile lilikaa mlangoni wiki mbili likingoja kuvunjwa. Kila akiinuka kwenye cherehani, anajikwaa. Siku moja fundi alipokwenda kununua misumari, mtu wa mkokoteni alipita. Mke akamwita.

"Niondolee hili dude."

"Nilipeleke wapi, mama?"

"Mbali. Popote, mradi nisilione tena."

Fundi aliporudi, aliambiwa limechukuliwa na mtu anayetafuta mbao. Yakaisha. Na zile kelele za leo kuhusu majina zilikuwa za kujifichia tu.

Alimtazama nesi. Mwenzake alikuwa anaikunja ile barua na kuikunjua.

"Niliyelitoa ni mimi," mke alisema.

Nyundo ya fundi ilisimama hewani. "Si ulisema lilichukuliwa na mtu wa mbao?"

"Nilisema. Nilidanganya. Nilimpa mtu wa mkokoteni."

"Kwa hiyo kalamu yangu haina kosa."

"Kalamu yako haina kosa. Vaa viatu, tunakwenda ofisini."

"Lini?"

"Sasa hivi. Nikikaa nikafikiri, sitakwenda."

Ofisini walifika wote watatu. Afisa mazingira alikuwa mama wa makamo mwenye miwani. Mabuti yake ya mpira yalisimama kando ya meza, yana tope bichi. Mke hakungoja kukaribishwa kiti.

"Kochi lililoziba mtaro lilitoka kwangu," alisema. "Huyu nesi hahusiki."

"Ulilitupa wewe?"

"Hapana. Nilimpa mtu alipeleke mbali."

"Mbali ni wapi?"

Mke aligeuka kumtazama mumewe.

"Kwenye sheria za mji huu hakuna mahali panapoitwa mbali," afisa alisema. "Kuna mapipa, kuna vituo vya kukusanyia taka, kuna dampo la manispaa. Basi. Pengine pote ni kosa. Mtaroni, mtoni, kiwanja cha mtu, kando ya barabara."

"Lakini nilikuwa nimeshamkabidhi."

"Taka ni zako mpaka zifike mahali panaporuhusiwa. Ukimpa mtu asiye na kibali akazimwaga mtaroni, mmekosa wote wawili. Kabla hujampa, mwambie akuonyeshe kibali cha kubeba taka. Akishamaliza, akuletee karatasi ya dampo. Hana kibali, usimpe. Au peleka mwenyewe. Kupeleka taka zako mwenyewe hakuhitaji kibali."

"Hata ganda la ndizi?" fundi aliuliza.

"Ganda la ndizi kuna pipa. Ukilitupa barabarani, nalo lina faini yake. Linatofautiana na kochi kwa ukubwa wa aibu tu."

Fundi akakuna kichwa. "Sasa na wale wanaokuja na malori? Kwetu kila wiki tunaamka tunakuta rundo jipya. Juzi nililiona lori lenyewe kwa macho yangu."

"Ukafanya nini?"

"Nikasikitika."

"Kusikitika hakuzibui mtaro, baba. Usigombane naye, anaweza kukudhuru. Andika mahali, siku, saa na namba ya gari. Kama uko salama, piga picha. Kisha utuletee, au utupigie simu. Hutaki jina lako litajwe, hatulitaji. Na ukikuta rundo ambalo hujui la nani, tuambie mapema. Rundo dogo likikaa wiki moja, kila mpita njia anaongeza lake."

Fundi aliomba kipande cha karatasi. Namba ya lile lori alikuwa anaikumbuka. Akaiandika, na siku, na saa.

Mke alikuwa bado amesimama. "Na mimi je? Nafungwa?"

"Ungengoja nikutafute, tungeonana mahakamani," afisa alisema. "Lakini umekuja mwenyewe, na ni mara ya kwanza. Nakupa onyo la maandishi. Kochi liondoke mtaroni, lifike dampo, uniletee karatasi. Mwisho kesho jioni. Ukishindwa, mahakama iko palepale. Na huyo wa mkokoteni umwambie aje tuzungumze. Kibali hakiumi."

Alichukua barua ya nesi, akaipiga mstari, akagonga muhuri. "Wewe dada nenda kazini. Mkuu wako nitampigia mimi."

Nesi alishusha pumzi ndefu mpaka karatasi za mezani zikatikisika. Akamgeukia mke wa fundi. "Ungenyamaza, nisingejua kamwe."

"Ningejua mimi," mke alisema. "Nenda, wagonjwa wanakungoja."

Nje, fundi alitazama saa. "Tumepewa mpaka kesho jioni."

"Leo," mke alisema.

Walimkuta mtu wa mkokoteni kwenye kituo chake. Aliposikia habari aliwaachia mkokoteni, yeye akashika njia ya ofisini, huku ananung'unika.

Mtaroni, kochi lilikuwa limelala kifudifudi, limenyonya maji, zito kama ng'ombe. Mama mmoja alikuwa anasukuma tope mlangoni pake kwa ufagio. Aliwatazama.

"Kochi ni letu, dada," mke alisema. "Tusamehe."

"Samahani peke yake haivuti," yule mama alisema. Akaingia ndani, akatoka na kamba. "Fungeni huku. Mimi nashika hapa."

Walivuta. Halikusogea. Walivuta tena, fundi akateleza akakaa kwenye tope, na wanawake wawili wakacheka mpaka kamba ikawatoka. Mara ya tatu likatoka. Maji yalitulia kidogo, kama yanafikiri. Kisha yakaanza kwenda. Yule mama alisimama akitazama maji yakiacha kuingia mlangoni pake.

"Yanashuka," alisema taratibu. "Yanashuka kweli."

Walilipakia. Kwenye mbao, maandishi yalikuwa yanasomeka vilevile. Mke alichomoa kalamu kwenye sikio la mumewe. Akafuta jina la nesi kwa mstari mnene, akaandika chini yake: DAMPO, LEO.

"Wewe rudi nyumbani uoge," fundi alisema. "Hili nitalisukuma mimi. Nikifika nitakuambia."

"Sitaki kuambiwa."

Alishika mkono mmoja wa mkokoteni. Walisukuma pamoja hadi kwenye geti la dampo. Mke alisimama pale mpaka kochi likashushwa na mlinzi akampa karatasi. Akaisoma yote, akaikunja, akaitia kwenye mkoba. Kisha akalitazama lile kochi mara moja zaidi, vizuri, ndipo akageuka.